SOMO: Kukereza anodi ya shaba inayopozwa kwa maji (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, kila muhula vijana wa vyuo wananijia na swali lilelile: kichwa cha mwenge wa plasma (kifaa kinachogeuza gesi kuwa moto mkali kwa umeme) kinavuja maji, kwa nini? Anodi ndiyo kipande cha shaba cha kichwa hicho kinachopokea tao la umeme, na maji hupita ndani yake kukipoza. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa. Niko Mbeya, nina leti (mashine ya kukereza) ya kawaida na drili ya kusimama, basi.

1. Shaba. Malori ya Zambia na Kongo yanapita Tunduma usiku na mchana yakipeleka sahani za shaba bandarini Dar, lakini zile ni za kuyeyushwa. Tafuta fito, ikiwezekana isiyo na oksijeni. Shaba ya kawaida ya umeme ina oksijeni kidogo. Ukiipasha sana kwenye moto wenye hidrojeni, mvuke hujitengeneza ndani na kuipasua.

2. Kereza umbo la nje. Tuli (kisu cha leti) iwe kali, iliyong'arishwa kwa jiwe. Bakiza milimita moja kila upande.

3. Toboa njia za maji. Shaba hushika keekee: ingiza kidogo, toa, futa, mwagia mafuta ya taa, rudia. Mafuta ya kukatia yenye salfa yaache, yanachafua shaba.

4. Osha kwa sabuni, kisha asetoni. Usiishike tena kwa mikono mitupu.

5. Ziba matundu ya pembeni kwa vizibo vya shaba, lehemu kwa fimbo ya shaba na fosforasi yenye fedha asilimia 15. Huanza kuyeyuka nyuzi 643, huwa majimaji kabisa nyuzi 802. Shaba kwa shaba haihitaji fluksi (dawa ya kusafishia kiungo wakati wa kulehemu). Kwenye chuma usiitumie, kiungo kinakuwa kama biskuti. Fimbo zenye kadimiamu weka mbali kabisa: moshi wake unaua, na kwenye ombwe (mahali palipoondolewa hewa) inavukiza.

6. HAPA NDIPO WENGI MNAPOHARIBU. Uso wa o-ringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) na nyuzi za skrubu hukerezwa BAADA ya kulehemu. Moto unalainisha shaba yote, na kipande hujikunja kidogo. Uso uliotoka kama kioo kwenye leti, ukiurudisha baada ya moto, saa ya daili (kipimo cha mshale) inacheza huku na huku. Halafu mtu anakaza boliti zaidi, shaba laini inabonyea, uvujaji unaongezeka. Ile milimita moja ya hatua ya 2 ndiyo kazi yake hapa. Usibane taya za leti kwa nguvu, shaba sasa ni laini: weka bati la alumini katikati. Mikwaruzo ya tuli iwe ya mviringo, isikatize uso, maana mkwaruzo mmoja unaovuka o-ringi ni mfereji tosha.

7. Pima kwa MAJI yenye presha, iwe mara 1.5 ya presha ya kazi, uache nusu saa.

MASWALI

Kijana wa Uyole: Mkuu, nyuzi si bora nizikate kabla, halafu nilehemu?
Jibu: Hatua ya 6.

Mdau Mafinga: Brasi si rahisi zaidi kukereza?
Jibu: Rahisi, ndiyo. Ila zinki yake inavukiza kwenye ombwe ikipata moto, na inapitisha joto kama theluthi tu ya shaba. Viungio vya maji vya nje weka brasi, sina ugomvi.

Kijana wa Uyole: Mimi nimepima kwa hewa ya kompresa, haijavuja.
Jibu: Kizibo kikiruka na hewa ndani ni risasi. Maji yakivuja unalowa tu. Nimeandika MAJI kwa herufi kubwa makusudi.

Binti Makambako: Samahani fundi, nitajuaje maji kiasi gani yanatosha?
Jibu: Swali zuri dada. Lita moja kwa dakika ikipanda nyuzi 1 inabeba kama wati 70. Lita 6 zikipanda nyuzi 10 zinabeba kilowati 4 na ushee. Tundu la milimita 8 kwa lita 6 linakimbiza maji mita 2 kwa sekunde, na maji yanayovurugika hivyo huchukua joto vizuri. Kumbuka maji yanayorudi kwenye tangi la wazi hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu tuko juu mlimani. Ukitaka kuona mbali, tazama ITER, mtambo mkubwa wa majaribio ya nishati ya muungano wa nyuklia kule Ufaransa: uso unaopigwa na plasma ni tungsteni, nyuma yake maji yanapita kwenye bomba la shaba yenye kromiamu na zirkoniamu.

Fundi Tukuyu: Mzee wangu alipaka maziwa kwenye keekee ya shaba. Kweli yanasaidia?
Jibu: Kweli kabisa, wa zamani walifanya hivyo na uso ulitoka laini. Osha leti siku hiyohiyo lakini, kesho yake karakana haikaliki. Na mabaki ya shaba yasichanganyike na ya chuma, mnunuzi wa chakavu anakata bei papo hapo.