Anza na kontua za juu ya shamba lako

Mkulima akitaka kuchimba makinga maji huanza kupima ndani ya mpaka wake. Kumbe maji yanayobomoa matuta mara nyingi hayakunyesha shambani kwake, yameteremka kutoka huko juu. Kwa hiyo kabla ya jembe, tafuta ramani yenye kontua.

Kontua ni mstari wa ramani unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ukiifuata kwa miguu hupandi wala hushuki. Mistari ikibanana mteremko ni mkali, ikiachana ni wa taratibu. Hilo halisumbui watu. Kinachosumbua ni mistari iliyojikunja kama herufi V. Ncha ikielekea kwenye namba kubwa ya kimo, hapo ni bonde, na maji yatapita hata kama wakati wa kiangazi unaona majani makavu tu. Ncha ikielekea kwenye namba ndogo, ni mgongo wa kilima, maji yanagawanyika huku na huku.

Sasa weka penseli kwenye pembe moja ya juu ya shamba. Panda nayo ukikata kila kontua kwa pembe mraba, mpaka ufike mgongoni. Rudia kwa pembe ya pili. Ardhi yote iliyo kati ya mistari hiyo miwili inamwaga maji kwako. Mimi niliwahi kudharau V moja hafifu, nikachimba matuta matano. Mvua ya usiku mmoja ikalikata la juu, na mengine yakafuata.

Ukali wa mteremko nao unapimika kwa rula. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita 1 ni mita 50 ardhini. Tuseme pembeni imeandikwa kwamba kontua zinapishana kimo kwa mita 20. Zikiwa mbali kwa milimita 4, umetembea mita 200 ukapanda 20: asilimia 10. Zikiwa milimita 2, ni asilimia 20.

Lakini usipange matuta kwa ramani hiyo. Hekta moja yenye umbo la mraba ni milimita 2 kwa 2 tu juu yake, kichwa cha kiberiti kinaifunika. Kuikuza kwenye simu hakuongezi kontua hata moja. Shambani tumia fremu A: miti miwili yenye urefu sawa iliyofungwa pamoja juu, mmoja wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuza fremu, kila mguu ukanyage pale mwenzake uliposimama, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Upepo ukivuma subiri, kamba itakudanganya.

Ukishapiga vigingi kila fremu inapokaa sawa, chimba kwanza mtaro wa juu kabisa wa kukinga maji ya kilimani, na kabla ya hapo kaa na jirani mkubaliane maji hayo yataelekezwa wapi.