Pointi za Hoteli: Chagua Nyumba Moja, Jua na Undugu Wake

Muuguzi wa mikataba Marekani hukaa wiki 13 katika mji mmoja, akimaliza anahamia mwingine. Fundi wa mashine za hospitali, mkaguzi wa hesabu, mtaalamu wa mifumo ya benki, wote wanaishi hivyo hivyo. Sanduku haliingii uvunguni. Wiki 13 ni siku 91. Ukilala usiku 91 katika hoteli za Marriott ndani ya mwaka mmoja, umeshapita ngazi ya Titanium, cheo cha upendeleo kwa wageni wa mara kwa mara, kinachoanzia usiku 75. Lakini nimewaona wenzetu wengi wakimaliza mkataba, wakarudisha ufunguo mapokezi na kuondoka bila hata moja ya pointi ambazo hoteli humpa mwanachama kwa kulala kwake, naye huzilipia chumba siku nyingine. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kawaida pointi humfuata mgeni aliyelala, hata kama bili imelipwa na mwajiri. Mimi nililala njiani mwaka mzima na nusu bila namba ya uanachama. Bado linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike.

Kujiandikisha ni bure na huchukua dakika tano. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana mipango hii ya uanachama siku hizi ina undugu: hoteli na hoteli, hoteli na shirika la ndege. Undugu mwingine ni wa kweli, mwingine ni wa jina tu.

Undugu ulio imara kuliko wote ni ule wa mwenye mali mmoja. Septemba 2016 Marriott ilikamilisha ununuzi wa Starwood, kampuni iliyokuwa na Sheraton, Westin na St. Regis. Kwa karibu miaka miwili paa moja lilifunika mipango mitatu: Marriott Rewards, Ritz-Carlton Rewards na SPG ya Starwood. Mwanachama aliunganisha akaunti zake, ngazi aliyoipata huku ikatambuliwa kule, na pointi moja ya SPG ikageuka kuwa tatu za Marriott. Agosti 2018 mipango yote ikawa mmoja, na Februari 2019 ukapewa jina la Bonvoy. Kwetu hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Sheraton ya Kampala ilikuwa ya Starwood. Hoteli za Protea, zilizoenea Afrika, Marriott ilizinunua 2014. Leo pointi ulizochuma kwenye hoteli ya barabarani kule Ohio zinalipa chumba Kampala, Entebbe, Kigali, Nairobi au Dar es Salaam, mkoba ule ule.

Undugu wa jina ndio wa kuogopa. Mwaka 2022 kampuni ya Choice ilinunua hoteli za Radisson za bara la Amerika, na 2023 wanachama wake wakahamishiwa mpango wa Choice Privileges. Radisson Blu ya Upper Hill Nairobi na ile ya Kigali zimebaki upande mwingine, chini ya Radisson Rewards. Bango linafanana, rangi zinafanana, daftari ni mbili. Anayelala Radisson Minnesota akitegemea kumfikishia mama yake usiku mbili Upper Hill, asome kwanza kadi yake imeandikwa mpango gani.

Kuna pia undugu wa mkataba, nao mkataba huisha. Hoteli za Small Luxury Hotels zilikuwa na Hyatt; mwaka 2024 zikahamia Hilton. Hoteli za MGM za Las Vegas nazo ziliachana na Hyatt zikaenda Marriott. Aliyekuwa amelimbikiza pointi miaka mitatu akingoja hoteli fulani, alizinduka na kukuta mlango umehamia nyumba nyingine. Kwa sababu hiyo sikushauri uchague mpango kwa ajili ya mshirika. Chagua kwa ajili ya hoteli zenyewe, mshirika awe nyongeza.

Ncha mbili za kamba

Wengi huchagua kwa kuangalia hoteli iliyo karibu na kazi. Hiyo ni ncha moja. Ncha ya pili ni mahali utakapozitumia hizo pointi, na kwa mtu wa ughaibuni mahali hapo mara nyingi ni nyumbani, au njiani kwenda nyumbani. Kaa na karatasi, andika miji mitano unayolala zaidi kwa kazi, halafu andika miji mitatu ambayo wewe au wazazi wako mnahitaji chumba. Mpango unaogusa pande zote mbili ndio wako.

Kwa anayefanya kazi Marekani au Kanada, Marriott hushinda hesabu hii mara nyingi, kwa wingi wa hoteli zake kotekote. Hyatt ina hoteli chache, lakini pointi zake zina nguvu kuliko za wengine, na Park Hyatt Zanzibar, pale Shangani ndani ya Mji Mkongwe, ni mahali ambapo pesa taslimu huumiza na pointi hupumzisha. Aliyeko Ufaransa, Ubelgiji au Uholanzi asikimbilie majina ya Kimarekani. Accor wako kila kona ya Ulaya, kuanzia ibis, na huku kwetu wana Fairmont The Norfolk Nairobi, hoteli ya tangu 1904, na Pullman ya Lubumbashi kwa ndugu zetu wa Katanga. Uzuri wa Accor ni kwamba hesabu yake haina fumbo: pointi 2,000 hukupunguzia euro 40 kwenye bili. Ubaya ni huo huo, maana hutakutana na siku ambayo pointi zako zinanunua zaidi ya hapo.

Angalia pia aina ya hoteli utakayolala. Residence Inn ya Marriott, ambayo wauguzi wengi huipenda kwa kuwa chumba kina jiko na unaweza kusonga ugali wako jioni, hutoa pointi 5 kwa dola, wakati hoteli nyingi za Marriott hutoa 10. Kwa chumba cha dola 120, usiku 91 zitakupa pointi 54,600, mbali na nyongeza ya ngazi. Bado ni nyingi, na ningechagua jiko tena bila kusita, ila ujue mapema usije ukadhani umeibiwa.

Na usiku huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Mkataba unaoanza katikati ya Novemba unakatika vipande viwili: usiku 45 hivi mwaka huu, zilizobaki mwaka ujao. Kwa Marriott, 45 inakuacha Gold, ngazi ya usiku 25, hatua tano tu chini ya Platinum ambayo hutaka 50. Tofauti ya ngazi hizo mbili ni kubwa, kwani Platinum ndiyo inayoanza kukupa kifungua kinywa katika chapa nyingi na ruhusa ya kutoka chumbani saa kumi jioni pale panapowezekana. Anayerudi kwao na ndege ya saa tano usiku anajua thamani ya saa kumi jioni. Ukiona umebakiza usiku tano, zilale kabla ya Desemba 31, hata kama ni hoteli ya bei ya chini kabisa.

Maili za ndege

Hapa ndipo watu hupoteza. Kugeuza pointi za hoteli kuwa maili za ndege mara nyingi ni hasara, na Hilton ni mfano wake: katika mashirika mengi pointi 10,000 zinakuwa maili 1,000. Marriott ina nafuu. Pointi tatu hutoa maili moja, na ukigeuza 60,000 kwa mkupuo, mashirika mengi yanakuongezea 5,000, unapata 25,000. Geuza tu pale ambapo tiketi umeshaiona na maili zilizopungua ni chache. Zikishageuka hazirudi.

Undugu wa ndege ninaoupenda zaidi uko kwa Accor na Flying Blue, mpango wa Air France na KLM: ukiunganisha akaunti, kulala kwako kunaleta maili na kuruka kwako kunaleta pointi za hoteli. KLM hutua Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam, na Kenya Airways wamo pamoja nao kwenye muungano wa SkyTeam. Kwa walioko Marekani kuna njia ya mzunguko kidogo: Hyatt ina undugu na American Airlines, na maili za American hukatia tiketi za Qatar Airways, zinazokufikisha Nairobi, Dar au Zanzibar kupitia Doha. Titanium wa Marriott naye hupewa ngazi ya Silver ya shirika la ndege la United. Inasaidia mzigo wa kwanza kwenye ndege za ndani ya Marekani. Usitarajie ikuongezee sanduku Ethiopian, ingawa wako muungano mmoja wa Star Alliance. Hilo huanzia Gold ya Star Alliance yenyewe.

Kabla hujatumia pointi nyumbani

Fanya hesabu hii kila mara. Chukua bei ya chumba pamoja na kodi zote, igawe kwa idadi ya pointi wanazotaka. Chumba cha dola 240 kwa pointi 30,000 kinakupa senti 0.8 kwa pointi, na kwa Marriott mimi hukubali hapo. Ikishuka chini ya 0.6 nalipa pesa, pointi nazihifadhi. Ukikaa usiku tano mfululizo kwa pointi Marriott, moja ni ya bure. Hilton nao hufanya hivyo kwa aliye Silver kwenda juu.

Lakini Afrika Mashariki ina jambo ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani hawaligusi: bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Kenya na Tanzania, hasa za mbugani na pwani, zina bei ya mgeni na bei ya raia au mkazi, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Kama una kitambulisho cha taifa au pasipoti ya nyumbani, piga simu hotelini uulize. Pointi hazijui uraia wako. Zinapimwa kwa bei ya mtalii. Huenda chumba unachotaka kukilipia pointi 40,000, kaka yako anakipata kwa pesa kidogo akionyesha kitambulisho tu. Uliza vilevile kama bei hiyo inaingiza pointi, maana si zote.

Weka nafasi kwenye tovuti au programu ya hoteli yenyewe. Kile kipindi changu cha mwaka na nusu kilipoisha, nilijiandikisha kwa furaha, halafu miezi sita nikawa naagiza vyumba kupitia tovuti moja ya madalali kwa sababu ilikuwa nafuu kwa dola nne tano. Sikupata usiku hata moja kwenye akaunti. Kama ofisi yako inatumia wakala, hakikisha namba yako imo kwenye nafasi kabla hujafika. Na jina lifanane na la pasipoti. Sisi wenye majina matatu, ambapo la baba limeandikwa kama la ukoo huku na la babu kule, tunasumbuka sana kwenye hili. Chagua mpangilio mmoja, utumie huo huo hotelini na kwenye ndege.

Kadi za mkopo zinazotoa ngazi zipo, hasa Marekani. Amex Platinum hutoa Gold ya Hilton na ya Marriott, kwa ada kubwa ya mwaka. Anayejiepusha na riba asijione amefungiwa mlango. Pointi za kulala hazihitaji kadi yoyote ya mkopo, na anayeitumia bila kulipa yote mwisho wa mwezi atatoa riba inayozidi usiku wowote wa bure.

Sisi ni watu wa mchango, na mipango mingine inaruhusu mchango. Hilton inakuruhusu wewe na wengine hadi 10 kuweka pointi chungu kimoja bila malipo. Ndugu wanne, mmoja Toronto, mmoja Leeds, wawili Minneapolis, kila mmoja ana vijipointi visivyotosha kitu. Mkiviweka pamoja mnapata usiku kadhaa za wazazi. Msingoje mno, maana Hilton na Marriott zote hufuta pointi za akaunti iliyokaa miezi 24 bila kutikiswa. Kulala usiku mmoja kunatosha kuitikisa.

Mzazi anayetoka Kisumu au Mwanza kupanda ndege ya kimataifa Nairobi mara nyingi anafika mchana na kuondoka usiku wa manane, na tumezoea kumwacha akae kwenye viti vya uwanja kwa muda wa saa tisa. Four Points by Sheraton iko pale pale uwanjani JKIA. Weka nafasi kwa pointi zako za Marriott, ongeza jina lake kwenye nafasi hiyo, piga simu mapokezi siku moja kabla uthibitishe kwamba hawatamdai kadi wala pesa ya dhamana, kisha mtumie jina la hoteli na namba ya nafasi kwa ujumbe mfupi anaoweza kumwonyesha dereva.