Upawa kutoka tawi lililopogolewa: hatua kwa hatua, kuanzia juu ya mti

Kazi yangu ya miaka mingi ni kupanda miti na kuipogoa. Nikishashuka, kamba zikakunjwa na misumeno ikafutwa, huwa nimeweka kando vipande vichache vya matawi. Vipande hivyo ndivyo ninavyovichonga wakati wa mapumziko. Wanaotaka kujifunza uchongaji huniuliza kwanza kuhusu visu. Mimi huwarudisha juu ya mti, kwa sababu upawa mzuri huanzia huko, na huko huko mkato wa dakika moja unaweza kuuumiza mti kwa miongo kadhaa.

Nina kanuni moja nisiyoivunja. Tawi halikatwi kwa kuwa mchongaji amelitamani. Hukatwa kwa kuwa mti ni bora bila hilo, au kwa kuwa linawahatarisha watu walio chini. Mbao inayopatikana ni ziada tu, hata iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 1: Usome mti kabla ya kugusa kamba

Anza chini. Uyoga uliojishika kwenye mizizi au kwenye kitako cha shina ni ishara kwamba ndani kuna uozo. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja unaonyesha kuwa mizizi inaachia. Kisha inua macho: tafuta nyufa kwenye panda (mahali mti unapogawanyika), matawi yaliyovunjika yakabaki yananing'inia, na nyaya za umeme. Penye nyaya karibu, kazi haianzi mpaka wenye mtandao wauzime umeme, maana mti mbichi hupitisha umeme bila wewe kuugusa waya wenyewe. Ukikuta dalili yoyote kati ya hizi, usipande. Mwachie mwenye ujuzi na vifaa.

Kama hujafundishwa kupanda kwa kamba, kata matawi unayoyafikia ukiwa umesimama chini, kwa msumeno wa mkono. Ngazi na msumeno wa mnyororo havikai pamoja kamwe. Mimi nikiwa juu na msumeno wa mnyororo hujifunga mahali pawili, kwa kamba na kwa mshipi wa pili, kwa sababu mnyororo unaokimbia hukata kamba iliyokazwa kwa mguso mmoja. Mara nyingi zaidi natumia msumeno wa mkono wenye meno ya kukata kwa kuvuta. Kwa tawi la chini ya sentimita 10 hauchelewi sana, na mkato wake unautawala vizuri.

Ya kutoa ni haya: yaliyokufa, yaliyovunjika, yenye ugonjwa, na yanayosuguana hadi kuchubuana. Tazama pia panda mbili zilizobanana zikakunja gome katikati yao, kwa kuwa hapo hazijaungana kwa mbao na upepo huzichana. Kwa mkupuo mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti, na kwa mti mzee ondoa pungufu ya hapo. Majani ndiyo chakula chake.

Hatua ya 2: Itafute kola ya tawi

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi zaidi. Tazama tawi linapotoka kwenye shina. Juu, kwenye kwapa, utaona mkunjo wa gome uliokwaruzika, wenye rangi nzito kidogo. Chini na pembeni utaona uvimbe unaolizunguka tawi. Uvimbe huo ndio kola. Kwenye miti mingine umejitokeza wazi, kwenye mingine ni wa kupapasa kwa kidole. Kola ni sehemu ya shina, si ya tawi, na ndani yake mti una kinga inayozuia uozo usiingie kwenye shina.

Zamani wapogoaji walifundishwa kukata sawasawa na shina, pakawa bapa na safi machoni. Aliyeubomoa mtindo huo ni Alex Shigo (1930–2006), mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya Marekani. Alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo, akaipasua kwa urefu ili aone majeraha ya zamani yalivyokwenda ndani ya mbao. Alichokiona ni kwamba mti hauponi kama ngozi inavyopona. Mbao iliyojeruhiwa hairudi kuwa nzima. Mti huizungushia kuta, kisha huota mbao mpya juu yake. Ukuta ulio dhaifu kuliko wote ni ule unaozuia uozo kupanda na kushuka ndani ya mishipa ya maji. Ulio imara kuliko wote ni ule unaojengwa baada ya jeraha, kati ya mbao ya zamani na ile itakayoota. Mkato unaoondoa kola hufungua shina lenyewe, na uozo hupata njia ya kupita katika ukuta ule dhaifu.

Kwa hiyo mstari wa kukatia unaanzia nje kidogo ya mkunjo wa gome, juu, na unaishia nje kidogo ya uvimbe, chini. Mara nyingi mstari huo umelala mshazari, haulingani na shina. Usiache kisiki pia. Kisiki hufa, huoza, na huzuia mbao mpya isifunge.

Usipake rangi wala lami kwenye jeraha. Haizuii uozo, na mara nyingi huhifadhi unyevu unaoulisha.

Hatua ya 3: Mikato mitatu

Tawi zito likikatwa kwa mkato mmoja kutoka juu huanguka kabla msumeno haujafika chini, na likianguka huchana gome la shina kama ngozi ya ndizi. Ndiyo maana tunakata mara tatu.

Wa kwanza upige kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo hadi theluthi ya unene. Usizidishe, tawi litaubana msumeno. Wa pili upige kutoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, kuelekea ncha ya tawi, mpaka tawi lianguke. Gome likichanika litaishia kwenye mkato wa chini. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, ukifuata mstari wa kola, ukikishika kwa mkono mwingine kisianguke chenyewe mwishoni.

Kabla ya hayo yote, kama umeona kwenye tawi hilo mpindo unaofaa upawa, tia alama ya chaki upande unaotazama juu. Likishafika chini halitakuambia upande wake wa juu ulikuwa upi, nawe utahitaji kuujua.

Hatua ya 4: Chagua kipande

Upawa wenye nguvu hauchongwi kwenye ubao ulionyooka. Ubao ulionyooka hukulazimisha ukate nyuzi mahali tumbo linapokutana na mpini, na hapo ndipo utakapovunjika. Tafuta kipande kilichopinda chenyewe, ili nyuzi zipite mfululizo kutoka ncha ya mpini hadi ukingo wa tumbo. Kipenyo cha sentimita 8 hadi 12 kinatosha, urefu wa 35 hadi 40. Pasiwe na fundo kwenye mpindo.

Mpera, mchungwa, mlimau na mzeituni hunipendeza: mbao zake ni nzito na nyuzi zake zimeshikana. Epuka miti yenye utomvu mweupe usioufahamu. Utomvu wa mnyaa unaweza kudhuru macho vibaya, na mbao za namna hiyo hazifai chombo cha chakula. Mbao yenye michirizi ya ukungu ni nzuri kwa pambo la ukutani, lakini usiifanye upawa.

Kata kipande kirefu kuliko unavyohitaji na upake nta au rangi ya maji kwenye ncha zote mbili siku hiyo hiyo. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na nyufa huanzia hapo. Kisha kiweke kivulini.

Hatua ya 5: Pasua, usikate

Usikichonge kipande kikiwa kizima na kiini chake katikati. Mbao ikikauka chini ya unyevu wa takriban asilimia 30 huanza kusinyaa, na husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kuzunguka duara kuliko kutoka kiini kwenda gome. Kwa urefu haisinyai karibu hata kidogo. Duara linalopungua kuliko nusukipenyo chake halina pa kwenda, lazima lipasuke. Ukishagawa kipande kupitia kiini, kila nusu ina nafasi ya kusinyaa bila kujichana.

Lakini tawi si shina. Tawi limelala, na ili lisianguke hujijengea mbao ya pekee ya kulishikilia. Kwenye miti ya majani mapana huwa upande wa juu, kwenye misonobari upande wa chini. Mbao hiyo husinyaa kwa urefu zaidi ya kawaida, hivyo hupinda na kujikunja ikikauka. Hapo ndipo chaki yako inapofanya kazi. Weka shoka juu ya ncha kwa ulalo, kupitia kiini, ligongee kwa rungu la mbao, na umalizie kwa kabari za mbao, ukiacha mpasuko ufuate mpindo. Utapata nusu ya juu na nusu ya chini. Kwa mti wa majani mapana, chukua ya chini. Tawi lililopinda kuelekea juu litakuwa limekupa umbo la upawa tayari: upande wa kiini ndio utakaochimbwa tumbo, upande wa gome utakuwa mgongo.

Hatua ya 6: Shoka

Chora umbo kwa penseli, kwanza kwa kutazama kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Simamisha kipande juu ya kigogo kinachofika nyonga. Mkono unaoshika uwe juu daima, shoka lipige chini yake. Shoka la kuchongea liwe na mpini mfupi na makali yanayoweza kunyoa nywele za mkono. Acha milimita 3 hadi 5 nje ya mstari.

Mbao inachongeka kwa urahisi ikiwa mbichi, nami nakusihi usingoje ikauke. Ubao wa unene wa milimita 25 huhesabiwa kukaa karibu mwaka mzima kukauka hewani, na ukishakauka, mbao ya mchungwa huchosha mkono na kula makali.

Hatua ya 7: Kisu

Uelekeo wa kukata ndio somo zima la kisu. Kwenye mteremko wa umbo unalolichonga, kata kutoka kwenye kilima kwenda bondeni, na simama ukifika chini. Ukiendelea kupanda upande wa pili, makali yatazama kati ya nyuzi na kuzing'oa. Geuza kipande, shuka kutoka upande huo mwingine. Ukisikia mbao inakwaruza badala ya kulia laini, umekosea upande.

Bana viwiko kwenye mbavu na usukume kisu kwa kidole gumba cha mkono unaoshika mbao. Kwa namna hiyo makali husogea sentimita chache tu, hayana mahali pa kukimbilia. Usichonge kuelekea paja.

Tumbo lichimbe kwa kisu chenye ncha iliyopinda, ukikata kukingama nyuzi, kutoka ukingoni kwenda katikati. Acha ukuta wa milimita 7 hivi kila mahali. Usawa wa unene ni muhimu kuliko wembamba: sehemu nene hubaki na maji wakati nyembamba imeshakauka, na hapo mpakani ndipo ufa hutokea. Noa mara kwa mara, kabla kisu hakijawa butu, na umalizie kwa kukipitisha kwenye kipande cha ngozi ya mnyama.

Hatua ya 8: Kausha, malizia, paka mafuta

Fukia upawa katika vumbi na maganda yake yale yale ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na jua na upepo. Upime kila siku kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kupungua, umekauka. Sasa pitisha kisu kilichonolewa upya, upunguze ukingo hadi milimita 3 au 4. Mimi siupitishi msasa. Uso uliokatwa kwa kisu kikali hauoti manyoya ukilowa, uliosuguliwa huota. Ukitaka msasa, lowesha mbao kidogo, iache ikauke, kisha sugua tena kwa msasa laini.

Tumia mafuta ya kitani yasiyotiwa kemikali za kukausha. Paka, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia baada ya siku kadhaa, mara mbili au tatu, kisha uache upawa wiki chache mafuta yagande.

Vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.

Upawa wenyewe uoshe kwa maji ya vuguvugu na uufute papo hapo, usiuache umelowekwa. Ukipauka, paka mafuta tena.