Namna ya kutafuta ruzuku ya maktaba, na ya mkutubi wake ambae huwa tunamsahau

Wadau wa maktaba, walimu, na nyie mliobaki na makabati ya vitabu kwenye ofisi ya kata hamjui mkabishe hodi wapi, hii ni yenu. Nimesaidia kuandika maandiko ya kuombea pesa ya maktaba ndogo ndogo za jamii huku Tanzania, mengine yamepita mengine yamegonga mwamba, na kitu ninachokiona kila mara ni kwamba vitabu vinapatikana, jengo nalo mkihangaika linapatikana, ila pesa ya kumlipa mtu anaefungua mlango asubuhi na kuandikisha wanaoazima ndo ngumu kuliko zote. Na bila huyo mtu maktaba inageuka stoo. Nimeshaingia chumba kimoja cha shule nikakuta maboksi ya msaada yamepangwa mpaka yanaziba dirisha, selotepu haijachanwa hata moja, mwalimu aliyepewa funguo ana vipindi kutwa nzima, sasa atafungua saa ngapi? Kwahiyo maelezo yangu yote hapa yanazunguka huyo mtu, muwekeni kichwani tangu mwanzo msije mkamkumbuka bajeti imeshafungwa.

Kabla hujagusa intaneti nunua kaunta buku. Chora mistari, andika tarehe, jina, darasa au umri, me au ke, kaja kufanya nini, kaazima nini, karudisha lini. Alafu weka safu moja ya mwisho ambayo wengi hawaiweki, ya kitu alichokuja kukitafuta akakosa. Miezi mitatu tu ya daftari hilo ina nguvu kuliko kurasa kumi za maneno matamu, manake mfadhili yeyote lazima aulize wanufaika ni wangapi na unajuaje, na wewe unafungua unamwonyesha kwamba mwezi fulani wamekuja watoto kadhaa, wasichana kadhaa, na kumi na tisa kati yao waliulizia kitabu cha Fizikia kidato cha tatu hawakukipata. Hapo tayari una hoja ya maombi, tena ya kwako mwenyewe, hujaiokota kwenye andiko la mtu mwingine.

La pili ni nani atapokea hela. Hapa watu wanapoteza muda sana. Mfadhili wa maana hatumi pesa kwenye simu ya mtu, anataka taasisi iliyosajiliwa, katiba, akaunti ya benki ya jina la taasisi yenye watia saini wasiopungua wawili, na muhtasari wa kikao kilichokubali mradi. Kama maktaba ni ya shule basi njia yako ni akaunti ya shule na halmashauri lazima ijue. Kama ni kikundi cha jamii, kwa Tanzania anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mkikua mnaenda kwa Msajili wa NGOs. Wenzetu Kenya vikundi vya jamii vina sheria yake ya 2022, na mashirika makubwa kidogo yapo chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika Mei 2024, kwahiyo kama cheti chenu ni cha zamani angalieni mnatakiwa mfanye nini kabla hamjaomba chochote. Na kama hamjasajiliwa kabisa na dedilaini iko mlangoni, tafuteni shirika lililosajiliwa liwe mpokeaji kwa niaba yenu, ila muandikishane: nani anatia saini, wao wanakata asilimia ngapi, ripoti anaandika nani. Urafiki peke yake hautoshi hapo.

Sasa kutafuta kwenyewe. Kosa la kwanza ni kukimbilia Google na kuandika maneno ya Kiingereza wakati hujaenda hata kwa mtendaji wa kata. Anza karibu. Diwani wako, mkurugenzi wa halmashauri, mbunge kupitia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ambao upo kisheria tangu 2009, hao wanaweza kukupa mabati, saruji, chumba, au kitu ambacho mimi nakithamini zaidi, yaani mtumishi wa halmashauri kuazimwa siku mbili kwa wiki. Ila usichanganye na ile asilimia 10 ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ni mikopo, inarudishwa, sio ruzuku, na maktaba haina biashara ya kuirudisha. Kwa shule kuna Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, wao wanafadhili miundombinu ya shule. Na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hata kama haikupi hela nenda tu, ipo tangu miaka ya sitini, Maktaba Kuu pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, na ushauri wao wa kitaalam ukiuambatanisha kwenye andiko mfadhili anaona hamjajianzia tu wenyewe gizani.

Ukitoka hapo ndo uende kwenye balozi. Ubalozi wa Japan, Dar na Nairobi pia, una mpango wa misaada midogo ya miradi ya mashinani na maktaba au madarasa yanaingia vizuri, lakini elewa unachoomba: wanajenga, wananunua vifaa, mishahara hawalipi na gharama za uendeshaji hawalipi. Watakuuliza jengo likiisha nani ataliendesha, na usipokuwa na jibu umekwama. Rotary, yaani zile klabu za kujitolea za wafanyabiashara na wataalamu, nao elimu na usomaji ni moja ya maeneo yao makuu, ila ruzuku yao ya kimataifa bajeti lazima ianzie dola 30,000 na inahitaji klabu mbili, moja ya nchini kwako na moja ya nje, kwahiyo wewe maktaba huombi moja kwa moja, unatafuta klabu ya Rotary ya mji wako unawaalika waje waone. Kama mnahitaji milioni tano tu msilazimishe bajeti ifike huko, waulizeni kuhusu ruzuku zao ndogo za wilaya ya Rotary.

Vitabu nitapita haraka maana ndo sehemu rahisi. Book Aid International ya Uingereza inatoa vitabu vipya vilivyotolewa na wachapishaji na inafanya kazi na mitandao ya maktaba, kwahiyo uliza kupitia maktaba ya mkoa wako. Books For Africa ya Marekani, ya tangu 1988, inatuma kontena, ila kontena sio bure, gharama ya kulisafirisha lazima ipatikane mahali na kulitoa bandarini ni mzigo mwingine, agenti, storage, lori la kwenda mkoani, hivyo vyote viandikwe kwenye bajeti mapema. Na kabla ya kontena angalia African Storybook, kuna hadithi za watoto za Kiswahili zenye leseni huria, unaruhusiwa kuzipakua ukaziprinti ukazibana stepla. Kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu hizo zinasomwa kuliko ensaiklopidia ya mtoto wa Ulaya.

Kuna majina ya kufuta kwenye listi yako. Zile orodha za wafadhili zinazozunguka WhatsApp nyingi ni za zamani sana. Mpango wa maktaba wa Gates Foundation ulifungwa 2018 na bado watu wanauandikia. USAID imekoma kuendesha misaada Julai 2025, na kuna maktaba na miradi ya kusoma iliyokuwa inategemea mnyororo huo mmoja tu ikabaki hewani. Kwahiyo kila jina ukiliona fungua saiti yao wenyewe, tafuta tangazo la mwaka huu, soma nani anaruhusiwa kuomba, nchi zipi, na waliopata mwaka jana ni kina nani. Hao waliopata mwaka jana ni dhahabu, waandikie imeili ya heshima uwaulize, wengi wanajibu.

Na matapeli. Ukiambiwa lipa ada ya kuchakata ruzuku, ondoka. Hata kwa misaada ya serikali ya Marekani, namba ya usajili inayotakiwa inapatikana SAM.gov, saiti ya serikali yao wenyewe, bila kulipa shilingi, kuna watu wanawatoza wenzetu kwa kitu cha bure.

Sasa mkutubi wetu. Kuna njia mbili, kumsomesha na kumlipa, na ni wafadhili tofauti kabisa. Kumsomesha kuna milango mingi kuliko watu wanavyodhani. Nyumbani hapa kuna chuo cha SLADS Bagamoyo kinatoa cheti na stashahada ya ukutubi, na ada ya chuo cha ndani inaeleweka haraka sana kwenye bajeti ya mradi, manake mfadhili anaona mtu atasoma na atarudi kwenye maktaba ile ile. AfLIA, umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra, wana akademia ya uongozi na mafunzo ya mtandaoni, jiunge na matangazo yao. IFLA, shirikisho la maktaba la dunia, kila panapokuwa na kongamano angalia ruzuku za kuhudhuria. Mortenson Center ya Chuo Kikuu cha Illinois inafundisha wakutubi wa kimataifa tangu 1991, ila muulize mapema nauli na ada analipa nani usije ukapata nafasi ukakosa tiketi. Kwa barua za kuomba mafunzo kama haya, mkutubi mwenyewe aandike, kwa maneno yake, ataje kitu kimoja anachofanya sasa hivi na kitu kimoja atakachokifanya akirudi. Barua aliyoandikiwa na mkubwa wake inajulikana.

Kumlipa ndo kuna ufundi. Ukiandika tu mshahara wa mkutubi miezi 12, wengi watakata huo mstari wa kwanza kabisa. Mfungamanishe na kazi inayoonekana: msimamizi wa klabu ya kusoma, siku nne kwa wiki, saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni, watoto wa shule tatu za kata. Hapo ukikata mshahara umekata klabu yenyewe. Weka gharama kamili msije mkajinyonga baadae, mshahara, mchango wa NSSF ambao jumla yake kwa Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, bando, umeme wa LUKU, mtu wa usafi. Alafu onyesha ngazi, mfano mwaka wa kwanza mfadhili analipa yote, wa pili analipa nusu na halmashauri pamoja na michango ya jamii nusu nyingine, wa tatu mfadhili anatoka. Ngazi hiyo iwe na barua ya halmashauri yenye muhuri nyuma yake, la sivyo ni hadithi. Niliwahi kuandika ngazi nzuri sana bila barua, mfadhili akauliza swali moja tu, nani amekubali hili, na andiko likaishia hapo. Siku hizi barua naitafuta kabla sijaandika hata kichwa cha andiko.

Kuhusu maneno ya andiko lenyewe, angalia walichofanya wakutubi wa Tamale, kaskazini ya Ghana. Kwa msaada wa EIFL, shirika linalosaidia maktaba kwenye mambo ya teknolojia, walitumia simu kuwatumia akina mama wajawazito ujumbe wa afya ya uzazi. Maktaba hiyo! Hawakwenda kulia hatuna vitabu, walitazama tatizo la mji wao wakasema maktaba inaweza kushika sehemu hii. Na Nairobi kuna Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka linalokarabati maktaba za umma, jengo kubwa la maktaba ya McMillan la 1931 lilikuwa linawatazama, ila waliingia kwanza makubaliano na kaunti, na maktaba zilizotangulia kukarabatiwa ni zile ndogo za Kaloleni na Makadara. Mfadhili akija anaoneshwa mlango unaofunguka, na mwenye mali ambae ni kaunti ameshakubali.

Kwahiyo sentensi yako ya kwanza isiwe "Maktaba yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali". Iwe ya kwenye kaunta buku. Watoto wangapi walikuja, wangapi walirudi mikono mitupu, nini kitabadilika mtu akiwepo kila jioni. Kurasa mbili au tatu zinatosha kuanzia, mpe mtu asieijua maktaba yenu azisome, pale atakapouliza "unamaanisha nini" ndo paandike upya. Bajeti ikokotolewe na profoma za maduka halisi, sio namba za kubuni zinazoishia na sifuri sita.

Ukikosa, andika barua fupi ya kushukuru uombe wakwambie palipopungua, baadhi watakwambia, na mwaka unaofuata unarudi na andiko hilo hilo limenyooshwa. Ukipata, fungua faili siku hiyo hiyo, kila risiti ndani, hata ya bodaboda iliyobeba rafu. Ripoti itume siku moja kabla ya tarehe. Picha za watoto usitume bila ruhusa ya wazazi kwa maandishi, tengeneza fomu fupi ya Kiswahili mzazi aielewe na aweke saini, na umweleze kabisa picha inaenda wapi.