Kupiga picha matuta ya mchanga mkiwa safarini na watoto

Mimi huwaamsha watoto kungali giza, hata wakinuna, kwa sababu uzuri wa tuta uko kwenye kivuli. Jua likiwa chini, upande mmoja hung'aa, wa pili huwa mweusi, na ukingo wa juu hukatika kama wembe. Adhuhuri kila kitu huwa bapa, na mchanga unaunguza nyayo. Kaeni kivulini, mnywe maji.

Kabla ya kuwaachia watoto wakimbie, chagua tuta la picha na ulilinde: nyayo zikishapita, ni upepo tu utakaozifuta. Kisha mtume mmoja aliyevaa nguo nyekundu asimame ukingoni mbali. Bila mtu, ukubwa wa tuta hauonekani kabisa.

Mchanga mweupe huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu. Ongeza mwangaza kwenye mipangilio ya kamera, hatua moja hivi (+1). Lenzi badilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Pandeni kwa kufuata ukingo. Upande uliokingwa na upepo huinama takriban digrii 34, na kila hatua hukurudisha chini. Kuteremka huko ndiko raha ya watoto, lakini wasichimbe mashimo marefu wakaingia: mchanga huporomoka ghafla.