Somo: Kumpata amidi kwa hesabu ya AHP, hatua kwa hatua

Kamati za kutafuta viongozi wa vyuo hukwama mahali pamoja. Wajumbe hufungua wasifu wa waombaji kwanza, kila mmoja akapata mtu wake, halafu vigezo vikaanza kutafutwa ili vimfae huyo mtu. Somo hili linageuza mpangilio. Mfano wangu ni amidi wa shule kuu, lakini njia ni ile ile kwa mkuu wa idara au rasi wa ndaki. Tutatumia AHP (Analytic Hierarchy Process), mbinu ya kupata uzito wa vigezo kwa kuvilinganisha viwili viwili, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970 na Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, Iraki.

Hatua ya 1. Tenga sifa za lazima na vigezo vya ushindani. Kama kanuni zinataka shahada ya uzamivu, asiye nayo anatoka hapo hapo. Usimpe alama ndogo ukitumaini hesabu itamtoa, maana alama zake kubwa za kwingine zitaziba pengo. Vigezo viwe vichache: vitatu vinahitaji milinganisho 3, vinane vinahitaji 28, na watu wakichoka hujaza tu. Nachukua uongozi wa watu, usimamizi wa fedha na utafiti.

Hatua ya 2. Linganisha vigezo viwili viwili, bahasha za waombaji zikiwa bado zimefungwa. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kipimo ni 1 hadi 9: 1 ni sawa kwa sawa, 3 kimoja kimezidi kidogo, 9 kimezidi kabisa. Tuseme kamati imekubaliana kuwa uongozi ni mara 2 ya fedha na mara 3 ya utafiti, na fedha ni mara 2 ya utafiti. Mistari inakuwa hivi:

Uongozi: 1, 2, 3
Fedha: 1/2, 1, 2
Utafiti: 1/3, 1/2, 1

Zidisha namba za kila mstari, kisha tafuta kipeuo cha tatu: 1.817, 1 na 0.550. Gawa kila moja kwa jumla yake, 3.367. Uzito ni 0.54, 0.30 na 0.16. Andikeni, wajumbe wote wasaini, ndipo bahasha zifunguliwe.

Hatua ya 3. Angalia kama kamati inajipinga. Kwa vigezo vitatu hesabu ni fupi. Zidisha uongozi kwa fedha (2) na fedha kwa utafiti (2), gawa kwa uongozi kwa utafiti (3): 2 × 2 ÷ 3 = 1.333. Kipeuo chake cha tatu ni 1.101, na 1 ukigawa kwa hicho unapata 0.909. Jumlisha hizo mbili na 1: 3.01 hivi. Toa 3, gawa kwa 2, gawa tena kwa 0.58, namba ya kulinganishia iliyopangwa kwa vigezo vitatu. Jibu halifiki 0.01, na Saaty aliweka mpaka kwenye 0.10, kwa hiyo tuko salama. Kamati ingesema uongozi ni mara 3 ya fedha, fedha mara 3 ya utafiti, halafu utafiti mara 3 ya uongozi, jibu lingekuwa 1.15. Hapo mnarudi mezani kuzungumza.

Hatua ya 4. Toeni alama za 0 hadi 100 kwa maelezo yaliyowekwa mapema, kila mjumbe peke yake, kila alama na ushahidi wake. Kwa fedha, someni ripoti za ukaguzi za miradi aliyoisimamia mwombaji. Sifa za mdomo hazitoshi. Tuseme wastani umekuja hivi, kwa mpangilio wa uongozi, fedha, utafiti:

A: 60, 65, 95
B: 80, 70, 60
C: 70, 85, 70

Zidisha kwa uzito, jumlisha: A 67.1, B 73.8, C 74.5.

Hatua ya 5. Tikisa uzito. Weka 0.60, 0.25 na 0.15: B anapata 74.5, C 73.75. Kumbe ushindi wa C ulikuwa mwembamba. Pelekeni majina yote mawili kwa mamlaka ya uteuzi, pamoja na maelezo ya kinachowatofautisha. Kumtangaza C mshindi kwa pointi 0.7 ni kuwadanganya wanataaluma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Shikamoo mwalimu. Mjumbe mmoja anasema uongozi ni mara 3 ya utafiti, mwingine anasema utafiti ndio mara 3 ya uongozi. Tunachukua wastani?

Jibu: Marahaba. Si wastani wa kujumlisha, huo utakupa 1.67 na kuuonea utafiti bure. Zidisha 3 kwa 1/3, tafuta kipeuo cha pili: 1. Wamevutana sawa. Kwenye Excel tumia GEOMEAN.

Swali (Eldoret): Nimesoma kwamba mgombea mmoja akijitoa, nafasi za waliobaki zinaweza kupinduka. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, watafiti Belton na Gear walilionyesha hilo mwaka 1983. Hutokea pale waombaji wanapolinganishwa wao kwa wao. Ndiyo maana kwenye hatua ya 4 nimetumia alama za 0 hadi 100 zenye maelezo yaliyowekwa mapema. A akijitoa leo, alama za B na C haziguswi.

Swali (Dar es Salaam): Kuna mjumbe anayempa mtu wake 100 na wengine 20. Tumfanyeje?

Jibu: Msimfukuze. Pangeni alama za kila mwombaji kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue ile ya katikati badala ya wastani. Wajumbe wakiwa watano, 100 yake haiivuti ile ya katikati kama inavyovuta wastani. Halafu mwombeni asome ushahidi wa ile 20 mbele ya wenzake, na uingie kwenye kumbukumbu za kikao.