Oveni ya gesi inawaka sekunde chache kisha inazima: tafuta tatizo bila kuunga vali dairekti

Dalili yenyewe ni hii. Unawasha swichi, spaki inapiga tak-tak-tak, moto unashika vizuri, wa buluu, halafu baada ya sekunde chache vali inagonga na moto unazimika. Taa nyekundu inawaka. Unabonyeza kitufe cha kuanza upya, yanatokea yaleyale.

Oveni za mikate zinazotumia gesi ya mtungi na kuwashwa kwa umeme zimejaa siku hizi kwenye bekari za mitaani, na hili ndilo ninaloitiwa zaidi ya tatizo lingine lolote. Mara nyingi nikifika nakuta mwenye bekari ameshashauriwa mawili: anunue kisanduku kipya cha kuwashia, au fundi amuungie umeme dairekti kwenye vali ili gesi isikatike. Ushauri wa kwanza unakula hela bure. Wa pili unaua. Naomba kila fundi anayesoma hapa asiufanye hata siku moja, hata mteja akiwa na unga uliokwisha umuka na foleni ya wanunuzi mlangoni.

Kisanduku kinafanya nini hasa

Kuwasha moto hata kiberiti kinaweza. Kazi ya kisanduku ni kuhakikisha gesi haipiti mahali pasipo na moto. Joto likihitajika, kwanza kinajikagua: je, kuna dalili ya moto kabla hata vali haijafunguliwa? Ikiwepo, kinakataa kuanza, kwa sababu ama vali inavuja au waya una hitilafu. Oveni zenye feni ya kichomeo hupuliza hewa kwanza ili kutoa gesi iliyobaki. Kisha spaki inaanza, vali inafunguka, na kisanduku kinahesabu muda wa usalama, ambao kwa vingi ni kati ya sekunde 5 na 10. Kikiuona moto ndani ya muda huo, spaki inakatwa na vali inabaki wazi. Kisipouona, kinafunga gesi na kujifungia mpaka mtu aje kwa mkono wake abonyeze kitufe.

Kinauonaje? Jiko la nyumbani hutumia themokapo, kijiti kinachopata joto na kutoa milivolti chache za kushikilia vali. Kinafanya kazi, lakini ni kizito: moto ukizimika, gesi inaweza kuendelea kutoka kwa makumi ya sekunde. Oveni ya bekari ina gesi nyingi mno kusubiri hivyo. Kisanduku chake hupeleka umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara) kwenye elektrodi, yaani kijiti cha chuma, iliyozama ndani ya moto. Moto wa gesi una ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kwa hiyo unapitisha umeme kidogo sana kutoka elektrodi hadi kwenye mwili wa kichomeo. Kwa kuwa elektrodi ni nyembamba na kichomeo ni kikubwa, mkondo unapita zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na AC inageuka kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya mikroampea chache, yaani sehemu chache za milioni za ampea. Kisanduku kinatafuta DC hiyo tu. Maji au masizi yakiunganisha elektrodi na bati, mkondo utapita pande zote mbili sawasawa, nacho hakitadanganyika kuwa kuna moto.

Shika jambo moja hapo: mkondo huo lazima urudi kwenye kisanduku kupitia mwili wa kichomeo na waya wa ethi (wa ardhini). Njia hiyo ikikatika, moto upo, wewe unauona, kisanduku hakiuoni.

Hatua ya 1: Zima, fungua, subiri

Funga gesi, chomoa plagi, fungua milango yote ya oveni na ya chumba. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inatulia chini kama maji, hasa kwenye chumba cha chini cha oveni. Ikifika takribani asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Subiri dakika tano au zaidi, na nusa karibu na sakafu. Kila unapobonyeza kitufe cha kuanza upya unamwaga gesi nyingine, kwa hiyo usikibonyeze mfululizo kama kengele ya mlango.

Hatua ya 2: Gesi

Povu la sabuni kwenye viungo vyote. Hakikisha regileta inalingana na presha iliyoandikwa kwenye kibati cha oveni. Mtungi mmoja mdogo ukilisha oveni kubwa hupoa, presha inashuka, na moto unakuwa dhaifu. Tumia mitungi mikubwa, miwili au zaidi kwa pamoja.

Hatua ya 3: Elektrodi

Oveni nyingi zina mbili, moja ya spaki na moja ya kuhisi moto. Kauri isiwe na ufa. Nafasi ya spaki iwe milimita 3 hadi 4. Ya kuhisi iwe ndani ya moto wenyewe, isiguse chuma popote. Isafishe kwa sufi laini ya chuma. Msasa siupendi, unaikwaruza na kuacha chembechembe.

Hatua ya 4: Ethi, laivu na nyutro

Hapa ndipo saa zinapopotelea, na hapa ndipo visanduku vizima vinatupwa. Nenda polepole.

Weka tesita mfukoni. Inakuambia kuna umeme au hakuna, basi. Unahitaji multimita. Soketi zetu za pini tatu bapa, ukiitazama soketi, ethi iko juu, laivu (waya unaoleta umeme) kulia, nyutro (waya wa kuurudisha) kushoto. Pima mara tatu. Laivu kwa nyutro upate karibu volti 230. Laivu kwa ethi, karibu 230 pia. Nyutro kwa ethi, karibu na sifuri, volti chache tu.

Ukikuta nyutro kwa ethi ni 230 na laivu kwa ethi ni sifuri, waya zimegeuzwa. Balbu na feni hazijali, ila visanduku vingi vya kuwashia vinajali, na havitahisi moto. Vipo visivyojali upande. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni.

Tazama na plagi. Oveni nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, inayoweza kuingia upande wowote, au ya pini za mshazari. Mwenye bekari ananunua adapta ya bei ndogo isiyo na ethi kabisa. Adapta hizo sizitaki karibu na oveni ya gesi. Kata plagi, funga ya pini tatu bapa, na weka fyuzi kulingana na kibati. Kwa oveni ambayo umeme unaendesha vidhibiti, taa na vali pekee, ampea 3 kwa kawaida inatosha.

Kisha fuata ethi ndani. Plagi ikiwa imechomolewa, pima ohmu kutoka pini ya ethi hadi mwili wa kichomeo. Usipimie kwenye ganda la oveni, gusa kichomeo chenyewe. Unataka karibu sifuri. Kutu na rangi chini ya skrubu hukata njia hii bila mtu kujua, kwa sababu ganda linapima vizuri huku kichomeo kikiwa kimetengwa. Mimi siku zote nafunga waya wa pekee kutoka kichomeo hadi tundu la ethi la kisanduku: waya wa kustahimili joto, terminali za kubana, skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa mpaka king'ae. Kusokota na kufunga selotepu hakukubaliki hapa.

Sasa jenereta. Ukisikia "fundi, inakubali umeme wa TANESCO ila ikiwa kwenye jenereta inagoma", usiiguse oveni kwanza. Jenereta nyingi ndogo za petroli nyutro yake haijaungwa na ethi. Ukipima laivu kwa ethi na nyutro kwa ethi, mara nyingi utaona kila upande karibu nusu ya volti. Mkondo wa moto hauna njia ya kurudi, na kisanduku kinazima gesi kama kilivyoagizwa. Inveta za betri nazo huweza kuwa hivyo. Pima kwa njia ileile.

Dawa ni kuunga nyutro na ethi upande wa jenereta, ila kwa masharti. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji. Chenjiova, yaani swichi ya kuhama kati ya gridi na jenereta, ikate laivu na nyutro kwa pamoja, ili muungano huo usikutane kamwe na umeme wa gridi. Usiunge nyutro na ethi ndani ya oveni wala kwenye soketi, kwani siku waya wa nyutro ukikatika, ganda zima la oveni litakuwa na umeme. Na jenereta za inveta soma kitabu chake kwanza; zipo ambazo mtengenezaji hataki ziungwe hivyo.

Hatua ya 5: Pima mkondo wa moto

Chomoa waya wa elektrodi ya kuhisi, weka multimita katikati kwa mfululizo, upande wa mikroampea DC, kisha washa. Visanduku vingi vinahitaji angalau mikroampea 1 hivi. Napenda kuona 3 au zaidi, tena isiyoyumba. Ikiyumba, rudi kwenye ethi na mkao wa elektrodi. Onyo: kama oveni ina elektrodi moja inayofanya spaki na kuhisi, usiweke multimita hapo. Spaki ni maelfu ya volti na itaiua mita yako palepale.

Ni baada ya haya yote, vipimo vikiwa sawa na bado inazima, ndipo kisanduku kipya kinanunuliwa.

Hatua ya 6: Hakikisha inazima

Oveni ikiwaka vizuri, funga koki ya gesi. Moto ukifa, sikiliza: vali igonge upesi, spaki irudi kujaribu kama ndivyo kisanduku chake kilivyo, kisha taa nyekundu iwake. Koki ikiwa bado imefungwa, bonyeza kitufe uanze upya. Spaki ipige kwa sekunde zake na kukata. Isipokata, oveni hiyo haitumiki, na mwambie mwenyewe hivyo waziwazi. Ikikata, andika tarehe na mikroampea ulizopata kwenye kipande cha selotepu, ubandike ndani ya kifuniko, ili fundi atakayefuata aone kama zimeshuka.